Sauti kwa Kipimo cha Msikiaji: Unabii na Neno la Mungu katika Fikra ya Kiyahudi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, masheikh na wachungaji mlioitikia mwaliko, walimu wenzangu na wanafunzi, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nieleze jinsi Wayahudi walivyofikiri juu ya unabii, na hasa juu ya swali ambalo kila dini ya kitabu hulikuta mlangoni: inaposemwa kwamba Mungu asiye na mwili, asiye na koo wala ulimi, alinena na mtu fulani, ni jambo gani lililotokea? Wengi wenu mnamjua Musa, Eliya, Isaya na Yeremia tangu chuoni au tangu shule ya Jumapili, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba twajua pia jinsi Wayahudi wenyewe wanavyowasoma. Picha iliyozoeleka ni ya nabii kama mfereji: maji huingia upande huu na kutoka upande wa pili yakiwa yale yale, na mfereji wenyewe hauna lake. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba wanazuoni wa Kiyahudi, ambao walibishana juu ya karibu kila jambo lingine, waliikataa picha hiyo mara kwa mara. Kwao neno la Mungu hufika kwa kipimo cha yule anayelisikia, na akili yake, tabia yake, usemi wake, hata huzuni yake, vyote vina sehemu katika unabii wake.

Nianze na kisa kilichomo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 22. Ahabu, mfalme wa Israeli, anataka kuutwaa mji wa Ramoth-Gileadi kutoka mikononi mwa Waaramu, na Yehoshafati, mfalme wa Yuda, yuko kwake Samaria. Manabii wapatao 400 wanakusanywa, nao wote kwa kauli moja wanamwambia mfalme apande akapigane, kwa maana ushindi ni wake. Mmoja wao, Sedekia mwana wa Kenaana, anajitengenezea pembe za chuma ili kuonyesha jinsi Waaramu watakavyopigwa kumbo. Katika mahakama yoyote, mashahidi 400 waliokubaliana wangetosha na kubaki. Yehoshafati haridhiki, bali anauliza kama hakuna nabii mwingine wa Bwana ambaye wangeweza kumwuliza.

Biblia haisemi kwa nini hakuridhika. Talmudi ya Babeli, yaani mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, katika sehemu yake iitwayo Sanhedrini, inajibu kwamba mfalme huyo alikuwa amerithi kanuni kutoka kwa babu zake, kanuni ambayo Talmudi inaitaja kwa jina la Rabi Yitzhak: ujumbe mmoja waweza kuwafikia manabii wengi, lakini hakuna manabii wawili wanaotabiri kwa usemi mmoja. Mfano unaotolewa ni wa Obadia na Yeremia, ambao wote wawili waliikemea Edomu kwa kiburi cha moyo wake. Maana ni ile ile, na baadhi ya maneno yanafanana, lakini kila mmoja aliyapanga kwa namna yake. Hawa 400 walisema neno kwa neno. Kwa hiyo ule umoja ambao Ahabu aliuona kuwa uthibitisho, Yehoshafati aliuona kuwa dalili ya uongo. Mjumbe aliyetumwa kumleta Mikaya mwana wa Imla alimsihi njiani aseme kama walivyosema wenzake, naye Mikaya alipofika mbele ya mfalme akayarudia maneno yao kwa dhihaka, kisha akasema lile aliloonyeshwa. Ahabu alikwenda vitani hata hivyo, akapigwa mshale akafa.

Napenda tukae kidogo na kanuni hiyo, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya unabii. Kama nabii angekuwa chombo kitupu, manabii wawili waliopewa ujumbe mmoja wangepaswa kuutamka sawasawa, na tofauti yoyote kati yao ingekuwa kasoro. Talmudi inasema kinyume chake: tofauti ndiyo alama ya ukweli, kwa kuwa ujumbe haukuletwa ukiwa umekwisha kuvikwa maneno. Nabii ndiye aliyeuvika, na kila mtu huvika kwa nguo alizo nazo.

Mwanazuoni wa Babeli wa karne ya 4, Rava, alilitumia wazo hilo kwa ujasiri ambao mpaka leo hunishangaza. Isaya, katika sura ya 6 ya kitabu chake, anaeleza jinsi alivyomwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi, na maelezo yote hayazidi aya chache. Ezekieli, aliyekuwa miongoni mwa mateka kando ya mto Kebari huko Babeli, anajaza sura nzima kwa viumbe wenye nyuso nne, magurudumu ndani ya magurudumu, mabawa, macho, moto na rangi ya yakuti. Je, Ezekieli aliona zaidi? Rava anasema hapana. Yote aliyoyaona Ezekieli, Isaya aliyaona pia. Ila Ezekieli alikuwa kama mtu wa shamba aliyemwona mfalme, na Isaya kama mtu wa mjini aliyemwona mfalme. Wa mjini amezoea msafara wa mfalme na hana haja ya kuusimulia wote; wa shamba atakueleza mpaka kwato za farasi. Ona jinsi wingi wa maneno matakatifu unavyoelezwa hapa kwa malezi ya nabii na mazoea yake.

Midrashi, yaani mapokeo ya ufafanuzi wa Maandiko, yana visa vingi vya aina hii. Musa alipokuwa mbele ya kijiti kilichowaka moto, wasema, alikuwa bado mchanga katika unabii, na Mungu akaona kwamba akimwita kwa sauti kubwa atamtisha, na akimwita kwa sauti ndogo ataudharau unabii. Basi akamwita kwa sauti ya Amramu, baba yake. Musa akaitika akiuliza baba anataka nini, naye akaambiwa kwamba anayenena si baba yake bali ni Mungu wa baba yake. Kisa hicho kinafanana na kile cha kijana Samweli kule Shilo, ambaye aliitwa usiku akakimbilia kwa mzee Eli mara tatu kabla ya mzee kutambua ni nani anayeita. Kuhusu Sinai yenyewe, midrashi yasema kwamba sauti ilimfikia kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake: wazee kwa nguvu zao, vijana kwa zao, watoto wachanga kwa zao, na Musa kwa zake.

Haya ni masimulizi, na mtu aweza kusema kwamba masimulizi hayajengi hoja. Wanafalsafa walikuja baadaye, na wa kwanza mkubwa miongoni mwao alikuwa Saadia, aliyezaliwa Misri mwaka 882 na kufa mwaka 942 akiwa amekuwa mkuu wa chuo cha Sura huko Iraki. Aliandika kwa Kiarabu, katika zama ambazo wanazuoni wa Kiislamu, hasa Muutazila, walikuwa wakijadili kama maneno ya Mungu yameumbwa au ni ya milele. Saadia, aliyeshika kwa nguvu kwamba Mungu hana umbo, alifundisha kwamba sauti anayoisikia nabii ni sauti iliyoumbwa katika hewa, na utukufu anaouona ni nuru iliyoumbwa. Suluhisho hilo linaulinda umoja wa Mungu vizuri sana. Kwa maoni yangu, hata hivyo, linamwacha nabii bila kazi: kama sauti imeumbwa nje yake, kinachotakiwa kwake ni masikio tu.

Yehuda Halevi, mshairi wa Hispania aliyekamilisha kitabu chake, Kuzari, karibu na mwaka 1140, alikwenda upande mwingine. Kwake unabii ni daraja ya viumbe iliyo juu ya madini, mimea, wanyama na wanadamu wa kawaida, nayo imefungamana na taifa la Israeli na nchi ya Israeli. Nguvu ya hoja yake iko Sinai, ambako, asema, watu 600,000 walisikia pamoja, jambo lisiloweza kuzushwa na mtu mmoja. Udhaifu wake unaonekana pale anaposema kwamba mgeni aliyeingia dini hiyo aweza kuwa mcha Mungu na mwanazuoni, lakini hawezi kuwa nabii. Anayasema hayo katika kitabu ambacho mhusika wake mkuu ni mfalme wa Wakhazari, yaani mtu wa aina hiyo hiyo.

Sasa nimfikie yule ambaye bila yeye mada hii haiwezi kuzungumzwa. Musa bin Maimuni, anayejulikana Ulaya kama Maimonides, alizaliwa Cordoba, akaikimbia nchi yake pamoja na jamaa zake baada ya utawala wa Almohadi kuingia, akaishi miaka yake mingi Fustat nchini Misri akiwa tabibu na kiongozi wa Wayahudi, akafa mwaka 1204. Kitabu chake cha falsafa, kilichoandikwa kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania na kukamilika karibu na mwaka 1190, kimeandikiwa msomi mcha Mungu aliyetatizwa kati ya Torati na falsafa, na sehemu yake ya pili ina sura nyingi juu ya unabii.

Anaanza kwa kutaja maoni matatu. Watu wa kawaida, asema, hudhani kwamba Mungu humchagua amtakaye, awe msomi au mjinga, mradi awe mwema kiasi. Wanafalsafa husema kwamba unabii ni ukamilifu wa maumbile ya binadamu: mtu akikamilika katika akili, tabia na uwezo wa kuona taswira rohoni, atatabiri tu, kama vile mtu mwenye afya aliyekula chakula kizuri anavyopata damu nzuri. Maoni ya tatu, anayosema kuwa ndiyo ya Torati, yanakubaliana na wanafalsafa katika kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba Mungu aweza kumzuia aliyestahili. Ushahidi wake ni Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa Yeremia, aliyejifunza miguuni pa mwalimu wake na kujiandaa, kisha akalalamika kwamba hakupata pumziko. Akaambiwa asijitafutie mambo makubwa.

Angalieni ni wapi uzito umewekwa. Katika maoni haya ya tatu Mungu hatendi muujiza anapomfanya mtu nabii. Muujiza uko pale anapomzuia mtu aliyekwisha kuwa tayari. Unabii ni mmiminiko utokao kwa Mungu, ukapita katika kile wanafalsafa wa zama hizo walichokiita akili tendaji, ukaishukia kwanza akili ya mtu na kisha nguvu yake ya taswira. Ukiifikia akili peke yake, mtu huwa mwanazuoni. Ukiifikia taswira peke yake, huwa mtawala, mtunga sheria, mpiga ramli au mwota ndoto za kweli. Ukizijaa zote mbili, na zote zikiwa timilifu, huyo ndiye nabii. Viumbe wa Ezekieli na fimbo ya mlozi ya Yeremia havikuonekana kwa jicho la mwili, bali ni kazi ya taswira ya nabii iliyojazwa kweli.

Na kwa kuwa taswira ni nguvu ya mwili, huchoka na kuvunjika kama viungo vingine. Hapo Maimonides anakumbusha kwamba Yakobo hakupata wahyi siku zote alizomlilia Yosefu, na kwamba unabii haukai na huzuni wala uvivu. Anaongeza kwamba ndiyo sababu umekoma wakati wa uhamisho. Elisha naye, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, alipotakiwa atabiri akiwa ameghadhibika, aliomba kwanza aletewe mpiga kinanda. Mwandishi huyu aliijua huzuni hiyo kwa nafsi yake. Mdogo wake Daudi, mfanyabiashara aliyekuwa akiwalisha wote nyumbani, alizama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii iliyo mbele yetu, na Maimonides aliandika miaka kadhaa baadaye kwamba alilala mgonjwa karibu mwaka mzima baada ya habari hiyo.

Si wote waliofurahi. Maimonides alipoeleza kwamba kila mahali malaika anapotajwa kuonekana au kunena jambo hilo lilikuwa njozi, akiwataja wageni watatu wa Ibrahimu, mtu aliyeshindana mweleka na Yakobo na punda wa Balaamu aliyesema, Moshe ben Nahman wa Girona, mmoja wa wafasiri wakubwa wa karne ya 13, alikasirika. Kama wageni walikuwa njozi, aliuliza, Sara alikanda unga wa nini? Na kama mweleka ulikuwa njozi, mbona Yakobo aliamka asubuhi akichechemea? Maneno hayo, alisema, ni haramu kuyasikia. Lazima nikiri kwamba swali la kuchechemea ni zito, na majibu ambayo watetezi wa Maimonides wamelitafutia hayajaniridhisha.

Wapo watakaouliza juu ya Musa. Kitabu cha Hesabu, sura ya 12, kinasimulia kwamba Miriamu na Haruni walipomnung'unikia ndugu yao, waliambiwa kwamba nabii mwingine hujuliwa kwa njozi na ndoto, lakini Musa hunenewa mdomo kwa mdomo. Talmudi inaeleza kwamba manabii wengine waliangalia kupitia kioo kisichong'aa, na Musa kupitia kioo kinachong'aa. Maimonides aliyafanya hayo kuwa tofauti nne: wengine hupata wahyi katika ndoto au njozi, Musa akiwa macho, wengine kwa mkono wa malaika, Musa bila malaika, wengine hutetemeka na kuishiwa nguvu, Musa hutulia, wengine hawatabiri wapendapo, Musa wakati wowote. Taswira haina kazi katika unabii wake. Hata Sinai, kwa maelezo yake, watu walisikia mshindo wa sauti, na Musa peke yake ndiye aliyesikia maneno yakiwa yamepambanuka.

Kwa nini Musa atengwe namna hii? Kwa sababu ya sheria. Nabii wa kawaida hukemea, huonya na hufariji, na akitokea mwingine wa usemi tofauti hakuna hasara. Sheria ikipita katika taswira ya mtu mmoja, mwingine mwenye taswira kali zaidi aweza kuja kuibadilisha. Ndiyo maana wanazuoni walioupa unabii heshima yote hii waliuwekea pia mpaka mkali: nabii hana ruhusa ya kuongeza amri wala kuiondoa. Kisa maarufu cha tanuri, kilichomo katika Talmudi, kinahusu hilo. Rabi Eliezer alipinga wenzake wote juu ya hukumu ya usafi wa tanuri moja, akaleta miujiza kuwa ushahidi, mti wa karuba ukang'oka na mfereji wa maji ukarudi nyuma. Mwishowe sauti ikatoka mbinguni ikisema kwamba hukumu ni kama asemavyo Eliezer. Rabi Yehoshua akasimama akanukuu Kumbukumbu la Torati: haiko mbinguni. Torati imekwisha kutolewa, na sasa hufuatwa wengi. Talmudi hiyo hiyo yasema kwamba tangu Hekalu libomolewe unabii uliondolewa kwa manabii na kupewa wenye hekima, na msomi mmoja aliyeitwa Amemar akaongeza kwamba mwenye hekima ni bora kuliko nabii.

Katika zama mpya, mwanafalsafa Spinoza, ambaye Wayahudi wa Amsterdam walimtenga mwaka 1656, aliichukua taswira ya Maimonides akaacha akili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1670 alisema kwamba manabii walikuwa watu wa taswira kali na maadili mema, lakini elimu isitafutwe kwao. Abraham Joshua Heschel, aliyezaliwa Warsaw na kuwa mwalimu New York, alijibu kutoka mahali pasipotarajiwa. Kwake kinachomfikia nabii si picha wala wazo, bali ni jinsi Mungu anavyoguswa na mambo ya wanadamu: hasira yake kwa dhuluma, uchungu wake kwa watu wake. Nabii huhisi pamoja na Mungu, na kwa sababu hiyo Amosi hunguruma na Hosea hulia. Maimonides angeshtuka kusikia Mungu akipewa hisia kwa namna hiyo, na nadhani Heschel alilijua hilo vizuri, maana alikuwa amekwisha kuandika kitabu kizima juu ya maisha ya Maimonides.

Limebaki jambo moja, nalo linaipinga hoja yangu mwenyewe. Katika ufafanuzi wake wa Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi huujadili, Maimonides anaweka miongoni mwa misingi ya imani kwamba Torati yote ilitoka kwa Mungu, na kwamba Musa alikuwa kama mwandishi anayesomewa naye akaandika. Hapo mfereji umerudi, tena kwa nabii mkubwa kuliko wote, na Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi hushika hivyo hadi leo, huku wengine wakisema kwamba mkono wa binadamu umo katika kila ukurasa. Ila hata katika jambo hili wazee wa Talmudi hawakuufunga mlango kabisa. Mishna yasema kwamba msomaji katika sinagogi asiikatize orodha ya laana inaposomwa. Abaye, rafiki na mpinzani wa yule Rava niliyemtaja, akafafanua kwamba amri hiyo ni ya laana za Mambo ya Walawi, ambazo Musa alizitamka kutoka kinywani mwa Mwenyezi. Lakini zile za Kumbukumbu la Torati zaweza kukatizwa, kwa kuwa Musa alizisema kwa kinywa chake mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kupokea maswali.